Nilivyouza santuri ya Stevie Wonder bila kuihesabu

Kwenye tangazo la kwanza niliandika shilingi 450,000. Ilipoondoka, iliondoka kwa 70,000. Katikati ya bei hizo mbili kuna miezi mitatu, karai la maji ya chumvi, na sahani ndogo za muziki kumi na moja ambazo sitaziona tena. Kama na wewe umeachiwa boksi la santuri na mzee wako, na mtu kakunong'oneza kwamba "hizo siku hizi ni hela", soma kwanza.

Boksi lilinifikia Magomeni, wiki moja baada ya arobaini ya baba mdogo. Nilimuuguza miezi yake ya mwisho, kwa hiyo siku ya kugawana vitu, wenzangu wakiwa kwenye friji na kitanda cha mninga, shangazi akasema, "Masahani mpeni huyu, ndiye aliyekuwa akivumilia hadithi zake." Watu wakacheka, nikabeba boksi langu. Hakuna aliyeuliza ndani mna nini, mimi mwenyewe nikiwemo.

Baba mdogo alikuwa baharia. Ujana wake ulimkuta Dar es Salaam ya mwaka 1969, wakati Umoja wa Vijana wa TANU uko kwenye Operesheni Vijana, unapiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku jijini. Habari hiyo alikuwa akiisimulia kwa majivuno kama mtu aliyewahi kufungwa kwa ajili ya nchi, ingawa nijuavyo mimi hakuwahi hata kukamatwa. Alipopata meli, kila bandari alitafuta duka la santuri kabla ya kutafuta chakula. Hii ninayoizungumzia aliinunua New York mwaka 1977: Songs in the Key of Life ya Stevie Wonder, iliyotoka Septemba 1976. Jalada la rangi ya machungwa, sura ya Stevie katikati kama mtu anayechungulia kutoka ndani ya ua. Ndiyo santuri pekee kwenye boksi lile ambayo jina lake nililijua, na kwa sababu hiyo tu nikaamini ndiyo yenye thamani.

Niliingia mtandaoni nikakuta mtu huko Marekani anaiuza kwa bei ambayo kwa pesa yetu ni karibu nusu milioni. Sikusoma zaidi. Ningesoma ningeona ile yake haijawahi kufunguliwa, bado iko kwenye nailoni ya kiwandani. Na hata hivyo ile ilikuwa bei anayoomba, hakuna aliyekuwa amemlipa. Mtu anaweza kuomba chochote. Hata mimi naweza kuomba milioni kumi kwa ndala zangu. Kinachokusaidia ni bei ambazo nakala zilishauzwa. Mtandao kama Discogs unakuonyesha hizo, ya chini, ya kati na ya juu, kwa kila toleo. Toleo unalijua kwa namba iliyoandikwa ubavuni mwa jalada na kwenye lebo, ile karatasi ya duara katikati ya sahani. Yangu ilikuwa T13-340C2 ya kampuni ya Tamla. Baadaye sana nilipoitafuta kwa namba hiyo nikakuta nakala zilizotumika kama yangu zinauzwa kwa kitu cha elfu hamsini hadi tisini hivi. Albamu iliyonunuliwa na mamilioni ya watu haiwezi kuwa adimu. Umaarufu wa msanii na uadimu wa santuri ni vitu viwili, na mimi nilivichanganya.

Kabla ya kupiga picha za tangazo nikaamua kuziosha. Zilikuwa na ukungu mweupe, ule unaoingia hata kwenye viatu vya ngozi ukiishi Dar na kabati lako liko ukuta wa bafuni. Nikachota maji ya kisima chetu, ambayo kila mtu wa Magomeni anajua yana chumvi, nikatia sabuni ya unga, nikasugua kwa sponji ya vyombo. Lebo moja ikalowa, ikatoka mawimbi na doa la kahawia. Kisha nikaziegemeza ukutani barazani zikauke, nikaingia ndani kupika. Ilikuwa Februari, saa saba mchana. Niliporudi, moja ilikuwa imeinama pembeni kama chapati iliyoiva upande mmoja.

Santuri ni plastiki. Jua letu la mchana, dashibodi ya gari, juu ya friji kuukuu, vyote vinaweza kuipinda, na ikishapinda hairudi yenyewe. Na maji ya chumvi yakikauka huacha chembe kwenye ile mistari myembamba, ambayo sindano inazisoma kama mikwaruzo. Anayetaka kuosha atumie yale maji safi yasiyo na madini wanayouza kwa ajili ya kuongeza kwenye betri za gari (uliza vizuri dukani, usije ukapewa asidi), tone la sabuni laini ya maji, na kitambaa kilaini, akizungusha kufuata mistari, lebo akiilinda. Akaushie ndani, kivulini. Hayo nimekuja kufundishwa. Siku ile niliigeuza tu ile iliyopinda, nikaipiga picha kutoka juu ili isionekane.

Ndiyo, nilificha. Tangazo langu lilisema: "Original, kamili, haina shida yoyote." Sikuwa hata na mashine ya kuipigia.

Mteja wa kwanza alikuja siku ya nne. Kijana mpole, begi mgongoni, akaniita dada kila sentensi. Akaomba nimsogezee taa. Akaitoa sahani ya kwanza akiishika pembeni kwa viganja, hakugusa katikati hata kidogo, akaiinamisha chini ya mwanga na kuizungusha polepole. Akanyamaza. Akaitoa ya pili, akaiweka usawa wa jicho, na pale nikajua ameliona lile wimbi.

"Dada, hii imepigwa jua?"

Nikajibu sijui. Akatia mkono ndani ya jalada, akapapasa, akaangalia huku na huku.

"Na ile ndogo iko wapi? Na kijitabu?"

Ndogo ipi? Akanieleza kwa utaratibu kabisa, bila kunidharau, jambo ambalo liliniumiza zaidi. Albamu hiyo ilitoka na sahani kubwa mbili, na ndani yake pia sahani ndogo ya inchi 7 yenye nyimbo nne, pamoja na kijitabu cha kurasa 24 chenye maneno ya nyimbo. Nyimbo zote ni 21. Ukiwa na kubwa mbili tu, una nyimbo 17. "Wewe umeandika kamili," akasema, "nimepanda magari mawili kutoka Gongo la Mboto kwa sababu ya hilo neno."

Jasho jembamba likanitoka. Nilitaka aondoke. Akachungulia kwenye boksi, akauliza kuhusu sahani ndogo zilizokuwa zimefungwa raba chini kabisa, kumi na moja, karatasi zake zimechakaa, za bendi zetu za zamani. Akasema kwa kuwa ametoka mbali, nimwachie hizo kwa elfu kumi. Nilimpa hata sikuzihesabu mbele yake. Idadi naijua kwa sababu yeye ndiye aliyehesabu. Nilikuwa nanunua kuondoka kwake. Mtu akishakushika kwenye uongo huna tena nguvu ya kukataa bei.

Usiku ule usingizi ulikataa, na si kwa sababu ya aibu tu. Niliwaza: kama kuna sahani ndogo ya Stevie iliyopotea, na mimi nimemuuzia mtu sahani ndogo kumi na moja bila kuziangalia, je, haikuwa humo? Na yeye si ndiye aliyejua inafananaje? Nikampigia asubuhi. Haikupokelewa. Nikapiga mchana, haikupokelewa. Kufikia jioni nilikuwa nimeshamhukumu, nimeshawasimulia watu wawili kazini kwamba nimetapeliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi daftari sikuwa nalo. Kama ningetandika kila kitu kitandani siku ya kwanza na kuandika kilichomo, nisingekuwa na cha kumshuku mtu.

Nilipelekwa kwa fundi na jirani yangu. Yuko Kariakoo, kwenye kichochoro cha kuelekea Gerezani, anatengeneza amplifaya na spika za makanisa na baa, na kwenye rafu ya juu ana pleya mbili za santuri ambazo haziuzi kwa bei yoyote. Nilifika asubuhi ya Jumamosi, nikiwa nimefunga santuri kwenye khanga. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunikataza kuzilaza moja juu ya nyingine. Zisimame wima kama vitabu, akasema, zisiegemee.

Huyu ndiye aliyenifundisha kuangalia. Taa moja yenye mwanga mkali, sahani ikiwa imeinamishwa, kwa sababu mwanga wa juu kwa juu unaficha. Mkwaruzo unaouona lakini ukipitisha ukucha hausikiki, mara nyingi sindano nayo haiusikii sana. Unaonasa ukucha, huo utasikika. Kisha akanieleza herufi za wauzaji wa nje: NM ni karibu mpya, VG+ imetumika lakini imetunzwa, VG ina kelele za hapa na pale, na G, yaani good, ambayo ukiisikia utadhani ni nzuri, ni santuri iliyochoka. Jalada hupewa alama yake peke yake, tofauti na sahani. Ya kwanza akaipa VG+. Iliyopinda akaipa VG kwa huruma, na akaniambia niandike neno "imepinda" kwanza kabla ya alama yoyote.

Kisha akaipiga. Sijui niseme nini hapa. Miaka yote niliyokaa na baba mdogo mashine yake ilikuwa mbovu, aliziangalia tu majalada. Stevie akaanza, na mafundi wawili wa duka la pili wakaacha kulehemu. Tulipofika upande wa tatu ndipo adhabu yangu ikaja. Wimbo wa kwanza wa upande huo ni Isn't She Lovely, ule aliomtungia binti yake Aisha, unaoanza na kilio cha kichanga. Wimbo wa kwanza ndio ulio ukingoni kabisa mwa sahani, na ukingo ndio ulioliwa na jua. Sindano ikapanda wimbi, ikaruka. Mtoto akalia, akakatika, akalia, akakatika. Fundi akainua mkono wa pleya kwa kidole.

"Tutajaribu vioo," akasema.

Vioo viwili vinene vya dirisha, nimevikata kwa fundi alumini wa mtaa wa pili. Sahani katikati, uzito juu, ikae siku kadhaa ndani ya duka lake ambalo kwa joto lile halihitaji jiko. Alinionya kwamba ukiongeza moto kwa haraka unafuta mistari, na kwamba wimbi kali halitoki kabisa. Halikutoka kabisa. Lilipungua, sindano ikaacha kuruka, ikabaki kupanda na kushuka kama mtumbwi. Alinitoza 15,000 kwa kazi yote, na vioo vilinigharimu 8,000.

Nilipomsimulia kuhusu zile kumi na moja alikaa kimya, kisha akauliza ni za bendi gani. Nikamtajia chache nilizozikumbuka. Akashika kichwa. Akanieleza kwamba santuri za bendi za Afrika Mashariki zilichapwa chache, nyingi zikichapwa Nairobi, zikapigwa kwenye baa mpaka zikaisha, na zilizobaki ndizo wakusanyaji wa Ulaya na Japani wanazotafuta kweli. Stevie wapo wengi duniani. Alisema bila kunifariji, na nilishukuru kwa hilo.

Sahani ndogo ya Stevie ilikuwa bado haijulikani iliko. Aliyeniambia niende kwa shangazi alikuwa mama. "Kaka yao huyo kila kitu alikuwa anampa dada yake aonje kwanza," akasema. Nikaenda Tandika siku ya Jumapili na mkate wa mchele.

Nilipomaliza kueleza, shangazi hakujibu. Aliinuka, akaenda chumbani, nikasikia sanduku la bati likifunguliwa. Akarudi na khanga iliyokunjwa, na ndani ya khanga kijitabu, na ndani ya kijitabu, kwenye karatasi yake, sahani ndogo ya Stevie Wonder, safi kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho mimi.

"Shangazi! Nimezunguka mji mzima!"

"Uliniuliza? Siku ya vitu mlipokuwa mnagombania friji, kuna aliyeniuliza?"

Alikuwa na miaka ishirini na kitu kaka yake aliporudi na santuri ile. Kijitabu alikiomba ajifunzie Kiingereza kwa maneno ya nyimbo. Pembeni ameandika tafsiri zake kwa kalamu ya risasi, nyingine zimepotoka vibaya. Alipoona jina la Aisha alifurahi, akasema Mmarekani naye kampa mwanawe jina la kwetu. Sahani ndogo aliipenda kwa sababu ilikuwa ndogo, kama ya kwake.

Nikamwomba. Akafikiri. "Kijitabu chukua, nimeshakihifadhi kichwani. Sahani siitoi." Nilijaribu mara moja tu. Nilipotoka pale nilimtumia yule kijana wa Gongo la Mboto ujumbe wa kumwomba radhi, bila kumweleza kwa nini. Alijibu baada ya siku mbili: alikuwa safarini, simu ilianguka majini, na radhi ya nini dada?

Tangazo la pili liliandikwa hivi: sahani kubwa mbili, ya kwanza nzuri, ya pili ilipinda kwa jua na imenyooshwa kiasi, lebo moja ina doa la maji, kijitabu kipo kina maandishi ya kalamu, sahani ndogo haipo, 80,000. Nikaweka picha ya wimbi, nikaweka picha ya doa, na video fupi ya sindano ikipanda na kushuka. Nilidhani hakuna atakayeuliza. Waliuliza wanne. Wawili walikuwa madalali wakitaka niwape kwanza wakauze ndipo waniletee, hao niliwaaga. Mmoja alinitumia ujumbe wa muamala wenye kila kitu isipokuwa pesa. Siku hizi siangalii ujumbe, naangalia salio.

Wa nne alikuwa mzee wa Arusha. Nikamsalimu shikamoo kwenye simu, akaitikia, akasema, "Binti, hayo maandishi ya kalamu usiyafute." Tukaelewana 70,000: nusu kabla ya kutuma, nusu akishaisikiliza. Kuna watakaoniambia nilijiweka hatarini. Huenda. Lakini mtu aliyependa kasoro niliyoiandika mwenyewe nilimwona ni salama zaidi.

Kufunga kuna ujanja wake. Sahani zitolewe ndani ya jalada zisafiri nyuma yake kwenye mifuko yake ya karatasi, la sivyo zikitikisika zinapasua kingo za jalada. Kisha nailoni, kisha makaratasi magumu ya boksi pande zote mbili, makubwa kuliko jalada kwa vidole viwili, ili pembe zisipondeke. Nilikwenda stendi ya Magufuli pale Mbezi jioni, nikaikatia risiti kwenye basi la usiku, kwa kuwa buti la basi la mchana ni tanuri. Nilimwomba kondakta asiiweke chini ya magunia. Akacheka, akaibeba juu kwenye kiti chake.

Hesabu yangu ni hii. Nimepokea 70,000 na zile 10,000 za aibu. Nimetoa 15,000 kwa fundi, 8,000 vioo, 6,000 basi, 4,000 vifungashio, na nauli za Kariakoo, Tandika na Mbezi ambazo zinafika 9,000. Nimebaki na 38,000. Zile kumi na moja sijaziweka kwenye hesabu, sitaki kujua.

Mzee alimalizia malipo yake siku ya tatu. Jumamosi iliyofuata shangazi akanipigia: sasa anataka kuisikia yake, maana ni miaka mingi. Tukaenda wote Kariakoo, yeye na khanga yake ileile mapajani ndani ya daladala, hakukubali nimsaidie kuibeba. Fundi akampa kiti, akampa shikamoo, akaipokea sahani kwa viganja. Kwa kuwa ni ndogo, akafanya anavyofanya siku zote kwa ndogo: akaisukuma swichi ya mwendo hadi mizunguko 45 kwa dakika, akashusha sindano. Stevie akatoka na sauti ya kitoto, mbio mbio kama anakimbizwa.

Shangazi akamtazama fundi.

"Hiyo ni thelathini na tatu, mwanangu. Punguza mwendo."